Kompyuta ya nyumbani nayo inahitaji mulinzi



Sisi wa darasa la kompyuta tulipoteza kazi ya siku mbili. Mashini yetu ya zamani ilikuwa imefungua programu mbili. Moja ikaharibika, na mashini yote ikakufa pamoja nayo. Umeme ulikuwepo! Hapo mabishano yakaanza. Wengine walisema: kompyuta ya nyumbani ni ya mutu moja, mulinzi wa memori wa nini? Sisi tunakatala.

Memori ni kama kiwanja chenye programu nyingi. Hapa Goma kila mutu anazungusha parseli yake na mbao ao majiwe ya volkano. Si kwamba jirani ni mwizi. Ni juu mutoto wake anaweza kuingia na kukanyaga mboga bila kujua. Programu nayo inakosea hivyo: inaandika mahali pasipo pake. Mulinzi tunayesema iko ndani ya prosesa. Programu ikivuka mupaka, anaizuia, na sisteme inafunga ile moja tu.

Ni kweli, watu waliishi bila yeye. Amiga ya mwaka 1985 ilikuwa na prosesa Motorola 68000, isiyo na mulinzi. Ilikuwa nyepesi, na ilifanya kazi nyingi pamoja. Lakini programu moja mbaya iliweza kuangusha zote. Mwaka ule ule Intel ilitoa 80386 yenye mulinzi, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaanza Linux juu ya prosesa hiyo.

Tena mulinzi peke yake hatoshi, lazima sisteme imupe kazi. Macintosh zilikuwa naye miaka mingi, lakini programu zilipata kulindwa kabisa na Mac OS X, mwaka 2001.

Basi tunaomba viongozi wetu: tukiletewa mashini za zawadi, tuulize kwanza prosesa na sisteme yake. Ile ya kujifunza kuchapa tu inaweza kukosa mulinzi. Ile ya kuchunga kazi ya wanafunzi, hapana.

Na sisi wenyewe tusilale. Mulinzi wa memori hawezi kuzuia umeme kukatika. Tuhifadhi kazi kila mara.