Kosa la Bwawa, Adhabu ya Samaki

Mvuvi wa pwani yetu akiambiwa kwamba iko nchi ambako mtu hulipwa kwa kuvua samaki wasioliwa, tena mlipaji ni muuza umeme, atadhani anafanyiwa mzaha. Wala si mzaha. Katika mito ya Columbia na Snake, huko kaskazini-magharibi ya Marekani, jambo hili lilianza mwaka 1990 na mpaka leo linaendelea.

Samaki mwenyewe huitwa paikimino. Ana miba tele, na ni wachache wamtiao chunguni. Aghalabu mwisho wake ni kusagwa akawa mbolea. Mwenye leseni ya uvuvi hujiandikisha katika kituo kando ya mto, akashika njia yake na mshipi na chambo, kisha hurudi siku hiyo hiyo na samaki wake wakaguliwe. Asiyefika sentimita 23 hahesabiwi. Viwango vya miaka hii ya karibuni ni dola 6 kwa kila samaki katika 25 wa mwanzo, halafu dola 8, na aliyepita samaki 200 hulipwa dola 10 kwa kila mmoja. Wako pia wachache waliotiwa alama na wataalamu wakarejeshwa majini. Atakayemnasa mmoja wao hupata dola 500. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Mei, na kwa kawaida hufungwa mwisho wa Septemba.

Mwaka 2016 mvuvi aliyewapita wenzake wote alipeleka vituoni samaki zaidi ya 14,000, akachuma zaidi ya dola 119,000. Piga hesabu, msomaji, uone ni samaki wangapi kwa siku: takriban 90, bila ya kupumzika Ijumaa wala Jumapili. Mtu huyo simwonei kijicho wala simlaumu. Kachuma kwa jasho lake. Lau ningekuwa na mkono mwepesi na mashua ya mashine, huenda nami ningeulizia nauli.

Wala siwezi kusema kwamba mpango umepangwa kijinga. Mwaka 1902, katika mji wa Hanoi, watawala wa Kifaransa waliahidi malipo kwa kila mkia wa panya. Haikupita muda wakaonekana panya wasio na mikia wakizurura mitaani: watu walikata mkia, wakamwachia mwenyewe aende akazae wengine. Wakuu wa Columbia hawataki mkia. Wanataka samaki mzima, aliyevuliwa siku ile na ndani ya mipaka iliyowekwa.

Lawama yangu ni juu ya mashtaka yenyewe. Paikimino ameshtakiwa kwamba anakula watoto wa samoni. Samoni, kwa asiyemjua, ni samaki anayezaliwa juu kabisa mitoni, akashuka baharini angali mdogo, akakulia huko, kisha akapanda tena kwenda kuzaa pale pale alipozaliwa. Ni kweli kwamba paikimino humvizia katika safari ya kushuka. Hilo halina ubishi. Lakini wawili hawa wameishi mto mmoja tangu zama za kale, mmoja akimla mwenzake na wote wakiongezeka. Kunguru wetu weusi wanaotusumbua Mombasa na Unguja waliletwa na watu kutoka Bara Hindi. Hao ukiwaita wageni waharibifu nitakuelewa. Paikimino hakuletwa na mtu. Ni mwenyeji.

Kilicholetwa ni kuta. Bwawa la Bonneville lilianza kutoa umeme mwaka 1938, yakafuata mengine moja baada ya jingine, na mwaka 1975 likakamilika la Lower Granite katika mto Snake. Leo mtoto wa samoni atokaye Idaho kuelekea baharini hukutana na kuta nane. Mto uliokuwa ukimsukuma kwa kasi umegeuzwa mlolongo wa maziwa, maji yake yamezubaa na kupata vuguvugu, na hayo ndiyo maji ayapendayo paikimino. Wale wapitao katika mapangaboi ya mitambo wakatoka hai, hutokea chini ya ukuta wakiwa na kizunguzungu, na hapo chini ndipo paikimino alipopiga kambi. Kaandaliwa karamu, naye akala. Sasa tunamwita mwizi!

Hali ilipofika wapi? Mwaka 1991 samoni wekundu wa mto Snake walitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1992 aliyefanikiwa kurudi mpaka ziwa la Redfish, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka baharini, alikuwa mmoja. Dume mmoja peke yake.

Fedha za kuwalipa wavuvi hutolewa na Bonneville Power Administration, shirika la serikali linalouza umeme wa mabwawa hayo. Chuoni tulisomeshwa habari za dia, kwamba aliyeua huwalipa warithi wa aliyeuawa. Hapa naona dia ya namna yake: mwenye kosa anatoa mali, lakini anaitoa ili auawe wa tatu. Na warithi wapo. Makabila ya Yakama, Nez Perce, Umatilla na Warm Springs yalitia sahihi mikataba mwaka 1855, wakatoa ardhi yao na kubakiza haki ya kuvua mahali walipozoea. Mahali pakubwa kupita pote palikuwa maporomoko ya Celilo. Mwezi wa Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa muda wa saa chache Celilo ikazama. Hata jina la zamani la huyu paikimino lilikuwa tusi kwa wanawake wa makabila hayo, na halikubadilishwa rasmi mpaka mwaka 1998.

Waendeshaji wa mpango wana lao la kusema, na haki yao nisiwanyime. Wanasema hawakusudii kummaliza paikimino. Wanataka kupunguza wale wakubwa kwa asilimia 10 hadi 20 kila mwaka, na kwamba ulaji wa watoto wa samoni umeshuka kwa kiasi cha asilimia 40. Vema. Mtoto wa samoni aliyeokoka ameokoka. Lakini paikimino zaidi ya milioni 5 wameshatolewa majini, na orodha ya washtakiwa inazidi kurefuka. Tangu mwaka 2008 simba wa bahari wamekuwa wakiuawa kwa kibali chini ya bwawa la Bonneville. Mwaka 2015 ikawa zamu ya mnandi, ndege wa watu, kupigwa risasi kwa maelfu mlangoni mwa mto. Ukuta ndio pekee usioitwa kizimbani.

Najua kuta hizo zinawasha taa, zinanywesha mashamba na kupitisha mashehena ya ngano. Si kitu cha kuvunjwa kwa hamaki. Hata hivyo katika mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, kuta nne ziliondolewa na kazi ikamalizika mwaka 2024, na mwaka huo huo samoni wakaonekana wakipanda kupita pale zilipokuwa. Kwa mto Snake, serikali ya Marekani ilifanya mapatano na makabila pamoja na majimbo ya Oregon na Washington mwezi wa Desemba 2023, yakafungua njia ya kuzungumzia kuta nne za huko. Mwezi wa Juni 2025 Rais aliyefuata akayafuta. Basi kuta zimesimama zilipo, na muuza umeme anaendelea kutoa dola zake 6, 8 na 10, maana ni rahisi mno kumlipa mvuvi kuliko kuugusa ukuta.