UCHAMBUZI: Dawa ya saratani yatoka kilindini, ila nani mwenye bahari?

Dawa ya eribulin, iliyoidhinishwa nchini Marekani Novemba 2010 kwa wanawake ambao saratani ya matiti imewaenea mwilini, ina chimbuko lisilo la kawaida. Asili yake ni sifongo wa baharini, mnyama asiye na uti wa mgongo, asiye na meno wala mbio, ambaye ngao yake ni sumu.

Sumu yenyewe, halichondrin B, ilielezwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1986. Tatizo lilikuwa uhaba. Watafiti walipoihitaji kwa majaribio, tani nzima ya sifongo wa jamii nyingine ilivuliwa katika maji baridi ya New Zealand, karibu na rasi ya Kaikoura. Walichoambulia ni takriban gramu 0.3, isiyojaza hata ncha ya kijiko. Lau dawa ingalitegemea uvuvi, sifongo hao wangalikwisha kabla ya wagonjwa kutibiwa. Aliyeokoa jahazi ni Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye pamoja na wenzake waliiunda maabarani mwaka 1992. Eribulin ni sehemu tu ya umbo hilo, iliyorahisishwa.

Manufaa yasitiwe chumvi. Katika majaribio yaliyohusisha wanawake 762, waliopewa eribulin waliishi kwa wastani miezi 13.1, wenzao wa matibabu mengine 10.6. Kwa mama mwenye watoto hiyo si haba, japo si kupona.

Sasa macho yameelekezwa Antaktika. Mwaka 2006, kundi la Bill Baker wa Chuo Kikuu cha South Florida lilitangaza palmerolide A, kemikali inayoua seli za melanoma, saratani hatari ya ngozi. Ilitoka kwa mnyama laini anayejibandika miambani karibu na kituo cha Palmer. Mwaka 2021 ilibainika kuwa mtengenezaji halisi ni bakteria aishiye ndani yake. Kufikia sasa haijawa dawa.

Hapo ndipo suala la umiliki linapochomoza. Mkataba wa Antaktika wa 1959 unataka matokeo ya utafiti yawe wazi kwa wote, ilhali kampuni hazipendi kumwaga fedha pasipo hataza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bahari kuu, ulioanza kutumika Januari 2026, unahimiza mgao wa haki, lakini haukusudiwi kuhujumu mikataba iliyoutangulia.

Kenya si mgeni katika mvutano wa aina hii. Mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai mgao wa mapato ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likisema vilichukuliwa bila idhini. Angalau maziwa hayo yalikuwa na mwenyewe wa kulalamika. Kule Palmer, madai ya nchi kumiliki eneo yamesimamishwa na mkataba ule ule wa 1959.