Nilisaini Mahudhurio, Sikusaini Ridhaa

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Kamati ya Marekebisho ya chama chetu, Kolwezi



Baba Mwenyekiti, nimesoma tangazo lenu lililobandikwa kwenye mlango wa kanisa, linalosema kwamba wanachama wa Fungurume tuliombwa maoni kuhusu muundo mpya wa chama na tukauridhia. Mmeambatisha na orodha ya majina. Langu limo, na saini ni yangu kabisa. Niliitia Jumapili baada ya misa ya pili, kwenye daftari lililokuwa likipitishwa vitini, na juu ya ukurasa ule paliandikwa neno moja tu: Mahudhurio. Sikujua kwamba siku hizi kukaa kwenye kiti ni kupiga kura. Ningejua, ningesikiliza nikiwa nje, dirishani.

Mjumbe wenu alisoma vifungu kwa Kifaransa, upesi upesi, mkono mmoja ukiwa na karatasi na mwingine na simu, maana alitaka kuianza barabara kabla malori ya madini hayajaifunga. Nakala zilikuwa chache na zilikusanywa zote baada ya kikao. Mzee mmoja aliuliza kasha la kilio, lile la fedha za mazishi, litakaa wapi. Alijibiwa kuwa hayo ni mambo ya kiufundi. Kisha tukapewa soda, chupa moja kwa watu wawili, tukaambiwa tumeandika historia.

Mtuwie radhi sisi watu wa Fungurume, lakini mikutano ya namna hii tunaijua kuliko mnavyodhani. Tunaishi juu ya shaba na kobalti. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila mgodi uandikiane na wenyeji daftari la majukumu, na utenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Tumekalishwa chini ya maturubai, tumesomewa, tumepigwa picha, tumeandika majina, na wengine wetu tumeona baadaye karatasi ile ile ya majina ikitembea ofisini ikiitwa ridhaa ya wananchi. Nilidhani tukiingia kanisani tunaiacha tabia hiyo mlangoni pamoja na vumbi.

Sasa niwaambie kilichofuata.

Mume wangu alifariki muundo mpya ukiwa umeshaanza kazi. Mnakumbuka utaratibu wa zamani, kwa sababu baadhi yenu mliukuta na mkafaidika nao. Kasha la chuma, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza hazina na mwingine kwa kiongozi wa kikundi. Mtu akifa saa nne za usiku, saa tano kasha limefunguliwa. Sanduku linalipiwa, turubai linafungwa, unga na samaki vinafika kabla wakwe hawajafika. Hakuna aliyeomba. Mfiwa haombi, anakaa chini kwenye mkeka analia, wenzake ndio wanaokimbia.

Siku ya kwetu kasha lilikuwa tupu. Fedha zilikwisha kupelekwa Kolwezi, kwenye akaunti ya benki, ili zitunzwe kwa uwazi. Kiongozi wetu alipiga simu. Akaambiwa maombi yaletwe kwa maandishi, yakiwa na hati ya kifo na saini ya mwanachama mwenyewe. Alipoeleza kwamba mwanachama mwenyewe ndiye aliyekufa, akaelekezwa kwenye kifungu: mwanachama ni mume, na uanachama unakoma kwa kifo. Mimi, niliyetoa mchango pamoja naye tangu tulipofunga ndoa, nimekuwa mke wa aliyekuwa mwanachama. Basi kwa mujibu wenu, aliyekuwa na haki ya kuomba alikuwa amelala ndani ya sanduku lililokuwa bado halijalipiwa.

Mume wangu alizikwa kwa deni. Naandika tena, maana kwenye tangazo lenu sikuona mahali pa kuliandika: alizikwa kwa deni, mtu aliyechangia vilio vya wengine maisha yake yote ya ndoa. Sanduku lilitoka kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita benki Lambert, na pikipiki ambayo mwanangu anabebea abiria ikawekwa rehani. Wenzetu wa kikundi walikuja na walichokuwa nacho mifukoni, Mungu awarudishie. Lakini chama hakikuja.

Baba Mwenyekiti, huku kwetu Lualaba ni aibu ya pekee kuandika kwamba mwanachama ni mume. Chama chetu si lile vuguvugu la Jamaa, lakini kimenyonya ziwa lile lile. Katika miaka ya 1950 ni Kolwezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi, ambako Padri Placide Tempels, yule Mfransisko Mbelgiji aliyeandika kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, aliketi na wafanyakazi na wake zao, na Jamaa ikazaliwa. Uzima, uzazi, mapendo: ndiyo maneno waliyofundishana. Waliingia wawili wawili, baba na mama, na mume hakuweza kusonga mbele katika mafundisho akimwacha mkewe nyuma. Wazee wetu walitoka katika mafundisho hayo. Ninyi mmehitaji kikao kimoja kumtoa mama.

Mnasema Roma ndiyo iliyotaka marekebisho. Nimemwomba katekista anisomee. Amri ya Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha ya tarehe 3 Juni 2021 inahusu vyama vya kimataifa. Chetu hakijavuka Likasi. Hata hivyo tuseme tunaifuata kwa hiari, kwa unyenyekevu. Inasema kipindi cha uongozi kisizidi miaka 5, na mtu asikae katika uongozi huo zaidi ya miaka 10 mfululizo. Inasema wanachama kamili wote wawe na sauti, moja kwa moja au kwa njia ya wawakilishi, katika kuwachagua wanaowaongoza. Ninyi mmechukua jina la amri, mkaacha yaliyomo. Katika muundo wenu nimeona kipindi cha mpito kisicho na tarehe ya mwisho, na wanaokaa humo ni wale wale walioandika kifungu.

Tena iko kanuni ya 119 ya Sheria ya Kanisa, na mnayo ofisini, maana mliinukuu sehemu yake ya wingi wa kura. Mngeteremka kidogo hadi namba ya tatu: jambo linalomgusa kila mmoja binafsi sharti lipate ridhaa ya wote. Kama kilio hakimgusi kila mmoja binafsi, nielezeni kinachomgusa.

Sitarefusha kuhusu kikundi chetu kushushwa daraja bila taarifa, wala kuhusu ada ya fomu, wala kuhusu Kifaransa ambacho mama zetu wengi hawakukisoma darasani. Lakini nitasema hili, hata kama si lenu peke yenu. Kanisa lote lilitembea katika sinodi kuanzia 2021 hadi 2024. Hapa kwetu pia tuliulizwa maswali, tukajibu, wengine kwa machozi. Serikali nayo inatuuliza, mgodi unatuuliza, miradi inatuuliza. Tumekuwa watu wa kuulizwa, na kila mara jibu linakuwa limeshapigwa chapa kabla hatujafungua mdomo. Anayeuliza analipwa posho ya safari. Anayejibu analipia sanduku.

Ninachotaka si rambirambi zenu za kuchelewa.

Ondoeni jina langu kwenye ile orodha ya ridhaa, na majina ya wote waliosaini mahudhurio, na mtangaze kwamba mmeyaondoa, kwenye mlango ule ule. Rudisheni fedha za kilio za Fungurume ndani ya kasha la Fungurume, pamoja na hesabu ya kilichoingia na kilichotoka tangu zilipoondoka. Futeni kifungu kinachomfanya mjane kuwa mgeni. Kisha, kama bado mnatamani muundo mpya, njooni na nakala za Kiswahili za kutosha, mziache kwetu tuzisome na wazee, na mrudi kusikiliza tukipiga kura kifungu kwa kifungu.

Pikipiki ya mwanangu bado iko kwa mkopeshaji. Mchango ambao mume wangu alikuwa ameutoa unatosha kuikomboa. Nakala ya daftari la mtunza hazina nimeiambatisha, yenye tarehe na saini. Hizo ni saini za fedha zilizopokelewa, Baba Mwenyekiti. Msije mkazisoma kama mahudhurio.

Mama mjane, bado mwanachama
Fungurume