Cheo cha Grandmasta Hakipatikani kwa Pupa

Jioni ikifika, vijana wengi huinamia simu zao wakicheza sataranji ya dakika 3. Mchezo mmoja ukiisha, mwingine huanzishwa papo hapo. Aliyeshindwa hapati hata muda wa kujiuliza kimemponza nini, maana tayari anasukuma askari wa mchezo mpya. Wengi wao wanaota kuwa magrandmasta, na wanaamini kwamba njia ndiyo hiyo. Sivyo, na afadhali waambiwe mapema.

Cheo chenyewe hutolewa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani lililoundwa Paris mwaka 1924. Orodha yake rasmi ya kwanza, ya mwaka 1950, ilikuwa na watu 27 tu. Anayekitaka leo kwa njia ya kawaida hana budi kufikisha alama 2500 za kimataifa, na juu ya hapo atimize kigezo cha ugrandmasta, kwa kawaida mara tatu, katika michezo isiyopungua 27. Kutimiza kigezo si lelemama. Katika kila mashindano ya kukisaka ni lazima acheze kwa kiwango cha alama 2600, na angalau thuluthi ya wapinzani wake wawe magrandmasta tayari. Ni michezo ya ana kwa ana na ya saa nyingi, ambayo hatua moja ya haraka huweza kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Basi kijana autumieje muda wake? Mwaka 2005 Neil Charness na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba magrandmasta walitumia kama saa 5,000 kujifunza peke yao katika miaka 10 ya kwanza, karibu mara tano ya wachezaji wa kati. Ukizigawa saa hizo kwa siku, hazifiki hata saa moja na nusu. Nani atashindwa na saa moja na nusu? Wengi sana, kwa kuwa inadaiwa kila siku, sikukuu zikiwemo, bila mtu wa kushangilia. Wala saa hazizai sawa kwa kila mtu: Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, waliochunguza wachezaji wa Argentina, walimkuta mmoja aliyefikia kiwango cha umasta kwa saa 3,016 na mwingine aliyehitaji 23,608. Kocha anayewaahidi wazazi kwamba mtoto yeyote atafika anawauzia maneno.

Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia aliyewafundisha mabingwa wenzake Karpov, Kasparov na Kramnik, aliwahimiza wanafunzi wake kuichambua michezo yao wenyewe. Kijana na aanzie hapo. Mchezo alioshindwa aupange upya ubaoni, aitafute mwenyewe hatua iliyomwangusha, aandike alichokuwa akikifikiria wakati ule. Kompyuta aiulize baadaye. Anayekimbilia kompyuta kwanza hupata jibu, lakini kosa hubaki naye. Gukesh Dommaraju wa Chennai, grandmasta akiwa na miaka 12 na bingwa wa dunia mwaka 2024 akiwa na miaka 18, alilelewa na kocha Vishnu Prasanna aliyemweka mbali na programu za kompyuta katika miaka yake ya kupanda. Kijana pia asidharau mwisho wa mchezo, pale wanapobaki wafalme, ngome na askari wachache. Vijana hukesha wakikariri funguzi za michezo, kisha ushindi uliokwisha iva unawaponyoka kwa kutojua kumvusha askari mmoja.

Aliyepita miaka 12 asikate tamaa. Kenny Solomon wa Cape Town alianza sataranji akiwa na miaka 13, akaupata ugrandmasta kwa kutwaa ubingwa wa Afrika mjini Windhoek mwaka 2014, akiwa na miaka 35. Ubingwa ulimpa cheo moja kwa moja, na wapo walionung'unika kwamba hiyo ilikuwa njia ya mkato, kana kwamba ubingwa wa bara zima huokotwa njiani! Amon Simutowe wa Zambia, grandmasta wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, alishinda mashindano mjini Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007 na kukamilisha vigezo. Cheo rasmi alikipata mwaka 2009.

Arnhem ni mbali, na hapo ndipo wazazi na vyama wanapopaswa kusikiliza. Abhimanyu Mishra wa Marekani, aliyeweka rekodi ya kuwa grandmasta mdogo kuliko wote mwaka 2021, alipiga kambi Budapest kwa miezi kadhaa kuvisaka vigezo. Baba yake Gukesh, daktari wa upasuaji, aliacha kazi ili asafiri na mwanawe. Wazazi wangapi wa Kampala au Dar es Salaam wanaweza hayo?

Lakini kigezo hakidai Ulaya, kinadai wapinzani. Mashindano ya watu 10 humpa kila mmoja michezo 9, na humo magrandmasta watatu wanatosha. Kanuni pia hutaka wageni, na hapo Kenya, Uganda na Tanzania zikishirikiana, kila mchezaji ni mgeni kwa jirani yake. Kweli, wastani wa wapinzani lazima ufike alama 2380, kwa hiyo vijana wanaoanza hawatafaa. Waalikwe wale waliokwisha panda. Viongozi wa vyama watakaolalamikia gharama na wapige hesabu: nauli za magrandmasta watatu kuja Nairobi, dhidi ya nauli za vijana saba kwenda Budapest mara tatu.