Seva ya Nyumbani si Anasa

Makala iliyodai kwamba seva ya nyumbani ni mchezo wa matajiri wa Nairobi imepotoka. Mwandishi wake aje Buyangu, ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Seva yaweza kuwa Raspberry Pi tu, kikompyuta cha kutoshea kiganjani, nacho hula wati chache tu, kama balbu ndogo. Kichomekee diski, weka Jellyfin, programu isiyolipiwa, na familia itatazama filamu zake kwa Wi-Fi ya nyumbani bila kugusa bando. Programu ya Kiwix nayo huwafungulia watoto Wikipedia hata mtandao ukipotea.

Na hupotea kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya Kenya ikadorora. Faili lililo sebuleni halisubiri waya wa baharini.

Nakubali kwamba stima hukatika na diski hufa. Basi tafuta betri, na nakala ya pili iwekwe kwa jirani. Lakini kumwambia mwongoza watalii aliyerekodi mlio wa hondohondo msituni humu kwamba lazima alipe kampuni ya mtandaoni kila mwezi ndipo atunziwe rekodi zake mwenyewe? Hapo nakataa katakata.