DANSI YA USIKU MMOJA, RAFU ZA MIAKA MINGI

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Methali hiyo husemwa kumwonya mtu mwenye makeke, lakini yafaa pia ikumbukwe na kila mji unaoandaa ngoma yake ya kwanza kwa ajili ya jambo jema. Katika miji ya Marekani ni desturi ya siku nyingi kuchangisha fedha kwa njia ya dansi. Matajiri, wenye vyeo na watu wengine wenye nafasi hualikwa ukumbini, hula na kucheza, na fedha walizolipa hupelekwa hospitalini, katika nyumba za yatima au katika maktaba za shule za serikali. Msomaji aliye mbali aweza kushangaa: nchi yenye utajiri kama ile, yawaje vitabu vya watoto vingojee wakubwa wacheze? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina mafunzo kwa kila nyumba yenye mtoto aendaye shule.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi dansi ya hisani inavyoendeshwa. Miezi mingi kabla ya siku yenyewe huundwa kamati, na mara nyingi akina mama ndio nguzo zake. Kamati hukodi ukumbi, huajiri bendi, hupanga vyakula na kuuza kadi za mwaliko. Kampuni na maduka makubwa hununua meza nzima, ili majina yao yasomwe na wote. Pembeni huwekwa vitu vilivyotolewa bure na wafadhili, kama vile picha ya kuchora, saa, au safari ya mapumziko. Kila mgeni huandika kwenye karatasi bei atakayotoa, na aliyeandika bei kubwa kuliko wenzake ndiye achukuaye. Wanaume huja na suti nyeusi na tai za kipepeo, na wanawake na magauni yafagiayo sakafu. Hata sheria ya kodi ya nchi hiyo inaufahamu mchezo huo. Mgeni aliyelipa dola 150, naye akala na kuburudika kwa thamani ya dola 60, aweza kuhesabu zile 90 tu kuwa sadaka. Zile 60 alijipa mwenyewe.

Hapo ndipo hesabu ya nyumbani inapohitajika. Mama anayepika maandazi ya kuuza hajisifu kwa fedha zilizoingia bakulini kabla hajatoa gharama ya unga, sukari, mafuta na kuni. Chukua mfano wa dansi ya watu 300, kila mmoja akilipa dola 150. Zitaingia dola 45,000, na makofi yatapigwa. Ukumbi, chakula, bendi na matangazo vikila dola 20,000, zitabaki dola 25,000. Ikiwa kitabu kimoja cha mtoto chenye jalada gumu kitagharimu dola 20, fedha hizo zitanunua vitabu 1,250. Si haba, na ni furaha ya kweli kwa shule moja au mbili. Lakini ni nani atakayevipanga vitabu hivyo, avitie alama, amwazime mtoto, amkumbushe kurudisha, kisha amchagulie kingine kinachomfaa? Mshahara wa mkutubi wa shule nchini Marekani kwa kawaida hupita dola 60,000 kwa mwaka. Fedha zote zilizobaki baada ya dansi hiyo hazitoshi kumlipa mtu huyo hata nusu mwaka.

Mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ni kielelezo kizuri cha jambo hili, kwa kuwa wakazi wake wamezoea dansi za hisani na wana maktaba za tangu zamani. Katika mji huo kuna jumba la muziki liitwalo Academy of Music, lililofunguliwa mwaka 1857. Lilipotimiza miaka 100, Januari 1957, wenyeji waliandaa tamasha na dansi ili kupata fedha za kulitengeneza. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ingaliachwa hapo, ingalikuwa sherehe ya kukumbukwa na wazee tu. Lakini ilirudiwa mwaka baada ya mwaka kwa miongo mingi, na jumba likapata fundi wa paa, wa mbao na wa taa kila lilipomhitaji. Walioanzisha dansi ile hawakufikiri kwamba nyumba ya miaka 100 huponywa kwa usiku mmoja.

Busara hiyo ilikuwa na mizizi katika mji ule tangu zamani. Mwaka 1731, kijana mpiga chapa aitwaye Benjamin Franklin, mwenye umri wa miaka 25, aliona kwamba yeye na rafiki zake walikuwa na kiu ya kusoma lakini hakuna aliyeweza kununua vitabu vya kutosha peke yake. Akawakusanya watu 50 wakaanzisha maktaba ya pamoja, Library Company of Philadelphia. Masharti yalikuwa mawili. Kila mwanachama atoe shilingi 40 za kuanzia, kisha atoe shilingi 10 kila mwaka. Zile 40 zilinunua vitabu, na zile 10 ziliihifadhi maktaba isife. Mwaka uliofuata waliajiri mkutubi wa kulipwa. Mafundi na wafanyabiashara wale hawakuwa matajiri, lakini walielewa jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba kitabu kisicho na mtunzaji ni sawa na ng'ombe asiye na mchungaji.

Zaidi ya miaka 170 baadaye alitokea mtu mwenye fedha ambazo Franklin hakuziota. Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji maskini kutoka Scotland, alitajirika Marekani kwa biashara ya chuma cha pua, kisha akaamua kugawa mali yake. Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Mwaka 1903 aliahidi kuupa mji wa Philadelphia dola 1,500,000 kwa ajili ya matawi ya maktaba ya mji, na matawi 25 yakajengwa. Lakini tajiri huyo hakuwa mtu wa kutoa na kufumba macho. Mji uliotaka jengo lake ulipaswa kutoa kiwanja, na tena kuahidi kwamba kila mwaka utatenga fedha za kuiendesha maktaba, kiasi kisichopungua sehemu moja ya kumi ya gharama ya jengo. Mji ulioomba jengo la dola 50,000 ulijifunga kutoa dola 5,000 kila mwaka kutoka katika mfuko wake wenyewe. Wako waliolalamika, na ipo miji iliyokataa. Iliyokubali ilipata jengo pamoja na wajibu wa kulitunza.

Askari nao wana sehemu yao katika habari hii. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, chama cha wakutubi wa nchi hiyo kilianza kuchangisha fedha kwa wananchi, na kufikia mwaka 1920 kilikuwa kimepata dola milioni 5. Fedha za mfuko wa Carnegie zilijenga maktaba 36 katika kambi za mafunzo, na mamilioni ya vitabu na magazeti yakawafikia wapiganaji kambini, melini na hospitalini. Vitabu hivyo havikumwagwa tu mlangoni mwa kambi. Wakutubi walikwenda pamoja navyo, wakakaa na askari na kujua nani anataka kitabu cha ufundi, nani cha hadithi, na nani ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Vita vilipokwisha, serikali iliichukua huduma hiyo iwe sehemu ya jeshi. Mchango wa watu ulikuwa umegeuka kuwa kazi ya dola.

Kwa urithi wa namna hiyo, mtu angetazamia kwamba watoto wa Philadelphia wangekuwa wa mwisho kukosa maktaba shuleni. Mambo yamekwenda kinyume. Mwaka 1991 shule za serikali za mji huo zilikuwa na wakutubi 176 waliosomea kazi hiyo. Katika miaka ya 2020 waliobaki waliweza kuhesabiwa kwa vidole, hali shule zenyewe zinapita 200.

Sababu si uhaba wa dansi. Nchini Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi inayotozwa majumba na ardhi ya mahali penyewe. Mtaa wa majumba ya thamani hupata fedha nyingi kwa ajili ya watoto wake, na mtaa wa watu maskini hupata kidogo, ingawa watoto wake ndio wenye shida kubwa zaidi. Mwaka 2013 hali ilikuwa mbaya hata wakuu wa elimu wa Philadelphia wakaamua kufunga shule 23, na kuwapa barua za kuachishwa kazi wafanyakazi zaidi ya 3,700. Mwalimu mkuu aliyebaki na fedha chache alilazimika kuchagua. Hawezi kuacha darasa bila mwalimu, basi mkutubi ndiye aliyetoka. Februari 2023 mahakama ya jimbo iliamua kwamba mpango huo wa kugawa fedha za shule unavunja katiba ya Pennsylvania, kwa kuwa unawanyima watoto wa sehemu maskini elimu wanayostahili.

Mlango wa maktaba ya shule haufungwi kwa kelele. Mkutubi huondoka mwisho wa muhula, vitabu hubaki kwenye rafu, na ufunguo hutiwa katika mtoto wa meza ofisini. Vumbi hushuka polepole. Baada ya miaka michache, kitabu cha jiografia chataja nchi zilizokwisha badili majina. Mtoto ambaye baba yake ana vitabu sebuleni hatapungukiwa sana. Atakayepungukiwa ni yule ambaye nyumbani kwao hamna kitabu hata kimoja, ambaye rafu za shule ndizo zilizokuwa urithi wake wa pekee. Katika baadhi ya shule za Philadelphia wazazi na wazee waliostaafu wamejitolea kufungua vyumba hivyo kwa saa chache za juma. Hao wanastahili heshima kuliko mgeni yeyote wa heshima ukumbini.

Je, hayo yamaanisha kwamba dansi ya kwanza ya kuchangia maktaba haina maana? Hasha. Historia ya Marekani yenyewe inaonyesha dansi iliyozaa matunda makubwa. Tarehe 30 Januari 1934, siku ya kuzaliwa kwa Rais Franklin Roosevelt, dansi za hisani zilichezwa katika maelfu ya miji kwa usiku mmoja, ili kuwasaidia wagonjwa wa ugonjwa wa kupooza uitwao polio, ambao ulikuwa umemlemaza rais mwenyewe tangu mwaka 1921. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 1. Waandaaji hawakulala juu ya sifa hiyo. Walizirudia dansi hizo mwaka hata mwaka, na mwaka 1938 wakaomba kila nyumba, hata ya maskini, itume sarafu ya senti 10. Barua zenye sarafu ziliijaza ofisi ya rais kwa magunia. Fedha zilizoendelea kuchangwa hivyo ziligharimia utafiti wa madaktari, na Aprili 1955 chanjo ya Dakta Jonas Salk ikatangazwa kuwa ni salama na yafaa. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu bendi zile zipige wimbo wa kwanza. Dansi iliwaita watu, na senti za kila mwaka zikafanya kazi.

Basi kamati yoyote ya mji inayojiandaa kucheza kwa ajili ya vitabu yapaswa kujibu maswali matatu kabla ya kukodi bendi. Nani atamlipa mtunzaji wa vitabu mwaka wa pili na wa tatu? Je, wenye mamlaka wameahidi kutoa sehemu yao kila mwaka, kama Carnegie alivyowadai? Na yule asiyeweza kununua kadi ya ukumbini amewekewa mlango gani wa kutoa senti yake? Maswali hayo hayana mpaka wa nchi. Wanaochangia shule ya kambini, au wake wa polisi wanaopitisha kikapu kwa ajili ya kabati la vitabu, huenda wasicheze dansi wala wasivae tai ya kipepeo, lakini kabati lao litaulizwa yale yale. Haba na haba hujaza kibaba, mradi haba ya pili ifuate ya kwanza.

Kesho yake asubuhi wafagiaji hukusanya maua yaliyonyauka, viti hupangwa kimoja juu ya kingine, na wapiga muziki huwa wamekwenda zao. Jumatatu mtoto hufika mbele ya maktaba ya shule yake, akashika kitasa na kukizungusha. Dansi ile ipimwe hapo: mlango umefunguka au haukufunguka, mwaka huu, na mwaka ujao, na ule utakaofuata.