Sajini Leakey Tunamjua, Wale Watatu Je?

Mpenzi msomaji, ukipanda matatu kutoka Rongai kwenda Nairobi utapita Nakuru mjini, kisha Lanet, kisha Gilgil. Lanet ndiko kuliko na chuo ambamo maafisa wapya wa jeshi letu hufunzwa. Gilgil kuna kambi za jeshi, na kuna pia makaburi ya askari waliokufa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ama kwa hakika, sisi watu wa Bonde la Ufa tunaishi ubavuni mwa askari. Lakini tukiulizwa ni askari gani wa Afrika Mashariki aliyepata nishani kubwa ya ushujaa vitani, wengi wetu tutakuna vichwa.

Leo nitamtaja mmoja, kwa sababu habari yake ina funzo kwa kila familia.

Sajini Nigel Gray Leakey alizaliwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1913. Alikuwa binamu wa Louis Leakey, yule mtaalamu mashuhuri wa mambo ya kale. Vita vilipozuka aliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi chake kilikuwa Colito, kusini mwa Ethiopia, kikipigana na Waitaliano. Kampuni mbili za Keya zilikuwa zimevuka mto Billate kwa shida kubwa. Mara adui akarudi na vifaru, akitaka kuwasukuma tena mtoni.

Leakey alikirukia kifaru kimoja kutoka nyuma, akafungua mfuniko wa juu kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho lakini haukufanya kazi. Basi akashuka, akaenda kuvinyemelea vifaru vingine kwa miguu huku risasi na mizinga vikinguruma. Akakirukia kingine, akakifungua, akaua mmoja wa waliokuwamo. Hapo ndipo kifaru kilichofuata kilipompiga kwa bombomu. Kaburi lake halijulikani. Nishani ya Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote za ushujaa katika majeshi ya Uingereza, ilitangazwa kwa jina lake mwezi Novemba 1945.

Sasa, ndugu msomaji, tusome hati ya nishani hiyo kwa makini. Inasema kwamba alipokwenda kuvinyemelea vifaru, Leakey hakuwa peke yake. Alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi, imeishia hapo. Hawakutajwa majina, wala kijiji, wala kabila.

Watu wanne waliviendea vifaru kwa miguu. Mmoja tunajua hata mahali alipozaliwa. Watatu wamebaki kuwa hesabu tu. Simpunguzii Leakey sifa yake hata chembe, maana aliilipia kwa roho yake. Lakini wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Na hao watatu si wa kwanza kusahauliwa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Luteni Wilbur Dartnell aliuawa karibu na Maktau mwezi Septemba 1915 kwa kukataa kuwaacha majeruhi wake. Naye alipewa Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi, lina jina lake. Lakini wapagazi Waafrika waliobeba risasi na vyakula vya vita hivyo, wakafa kwa maelfu kwa njaa, malaria na kuhara, walibakiwa na jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na sanamu tatu za shaba katika barabara ya Kenyatta. Moja ya sanamu hizo ni ya mpagazi, nayo haina jina la mtu.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mwaka 1919 wa kuwagawia askari Wazungu mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mwafrika aliyerudi kutoka vita hivyo hivyo hakugawiwa shamba. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati.

Mtu asidhani hayo ni mambo ya wakoloni peke yao. Askari wetu waliposhambuliwa kambini El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, miezi mingi ilipita bila serikali kutangaza idadi ya waliokufa. Sasa tuna Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014, na kila Oktoba 20 tunapumzika kwa heshima ya mashujaa. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja siku hiyo jina la askari mmoja wa tarafa yao?

Nishani huvaliwa kifuani, lakini heshima hukaa mdomoni mwa watu. Mjukuu asiyejua jina la babu yake aliyepigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 au Burma mwaka 1944 anamzika mara ya pili.

Kwa hivyo nanyi wanafunzi, likizo hii msikae bure. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Burma leo amepita 100, kwa hiyo waliobaki ni wachache sana. Waulizeni nyanya, wajomba na ami zenu. Andikeni katika daftari jina la askari, jina la baba yake, kijiji chake, kikosi chake na mahali alipopigana. Kama kuna nishani au cheti cha jeshi ndani ya sanduku la zamani, msikubali kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Huenda jina la sajini meja wa Colito limo katika sanduku la nyumba fulani, na wenye nyumba hawajui.